Amplifaya Ndogo ya Kwaya: Maneno ya Wapiga Vyombo

 

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, mama zetu na baba zetu, vijana, wanakwaya wa zamani mliosafiri kutoka Mwingi, Kitui, Meru na kwingineko, na nyinyi wageni wetu wa Wajir, Dadaab na Masalani: karibuni nyumbani. Tumepewa dakika 20, na mwenye programu ameketi pale mbele akiangalia saa. Mwalimu wa kwaya ameshaeleza habari za nyimbo. Mama wa soprano ameeleza mwanzo wa kwaya, jinsi ilivyoanza na watu wachache na daftari moja la solfa. Sisi wa vyombo tuliombwa tuseme kidogo kuhusu vyombo. Tukakaa, tukakubaliana kwamba tukivitaja vyote chakula kitapoa. Kwa hiyo tutasema juu ya kimoja tu, kile kidogo kuliko vyote, yaani amplifaya ya gitaa.

Tunakisema hiki kwa sababu kamati ya jubilei imeweka mbele ya kanisa pendekezo la kununua amplifaya kubwa ya gitaa kwa sehemu ya mchango wenu, na hii ndogo iuzwe au itolewe. Wanakamati ni ndugu zetu na nia yao ni njema. Lakini kabla hamjapiga kura mwezi ujao, tungependa mjue boksi hili limefanya nini hapa Garissa, na sisi tungeomba nini badala yake.

Wengi wenu hulipita kila Jumapili bila kuliona. Ni boksi jeusi, limetosha chini ya benchi ya tenor, na ukubwa wake si mbali na mtungi wa maji wa lita 10. Lina spika moja ya inchi 6 na nguvu ya wati 10. Juu lina vifundo vichache vya kuzungusha: sauti, besi, sauti nyembamba, na kimoja cha kuongeza mkwaruzo, ambacho hapa kanisani hatukigusi. Kuna tundu la waya wa gitaa, tundu la hedifoni, na tundu la kuunganisha simu. Basi. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulibeba kwa mkono mmoja, na wamewahi kulibeba.

Kabla ya hili tulikuwa tukichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikseri ya kanisa pamoja na maiki. Wanaokumbuka wanakumbuka. Gitaa lilisikika kama mtu anapiga waya wa seng'enge kwa kijiko. Kumbe kuna sababu. Gitaa la umeme peke yake karibu halina sauti. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana, na uzi ukitikisika hutoa umeme kidogo mno. Umeme huo unataka amplifaya iliyotengenezwa kuupokea, na spika inayokata zile sauti kali za juu. Spika kubwa za kanisa zimetengenezwa kwa maneno ya mhubiri, hazikati kitu. Spika ya gitaa ni sehemu ya gitaa lenyewe, kama vile tumbo la ngoma lilivyo sehemu ya ngoma. Siku tulipochomeka gitaa lile lile kwenye boksi hili, mzee mmoja wa besi aliuliza gitaa jipya limenunuliwa lini.

Fedha zake zilitoka kwa akina mama waliouza chapati na chai baada ya ibada, Jumapili baada ya Jumapili. Lilikuja kutoka Nairobi likiwa juu ya mapaja ya mwanakwaya ndani ya basi, usiku mzima, kwa sababu alikataa kuliweka kwenye buti.

Si wote waliofurahi. Baadhi ya wazee wetu walisema gitaa la umeme ni la baa, na kwamba kinanda kinatosha. Tuliwaheshimu, na kwa muda mrefu lilipigwa kwa nyimbo za kuingia na za sadaka tu. Lakini ukweli ni kwamba gitaa la umeme si mgeni katika nchi hii. Fundi Konde wa Pwani, aliyewahi kutumbuiza askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa akirekodi kwa gitaa la umeme jijini Nairobi miaka ya 1950, kabla wengi wetu hapa hatujazaliwa. Na wale wanaodhani majirani zetu Wasomali ndio watakaoshangaa gitaa, waende Soko Mugdi wamuulize fundi wetu wa redio. Mzee yule ni Mwislamu wa swala tano. Amelifungua boksi letu mara tatu, akasafisha, akapiga solda pale jeki ilipolegea, na kila mara alipomaliza alichomeka gitaa letu akapiga kidogo nyimbo za ujana wake. Mogadishu ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na bendi za magitaa ya umeme, Iftin, Dur-Dur na nyingine, na watu wa rika lake hawajazisahau. Anapiga vizuri kuliko sisi wote, na hilo tumelikubali bila kinyongo.

Sasa tuseme juu ya stima, maana kwa chombo hiki stima ndiyo chakula. Vijana wa leo hawajui Garissa ya mitambo ya dizeli, kabla mji haujaunganishwa na gridi ya taifa. Ndugu zetu wa Wajir mnaijua habari hiyo kutuliko. Jioni watu wakiwasha taa na feni, nguvu ilishuka, taa zikawa nyekundu, na amplifaya ikaanza kunguruma. Leo tuna kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 katika kaunti yetu, kilichozinduliwa mwaka 2019, lakini umeme wake unaingia kwenye gridi na gridi ikianguka sisi nasi tunaanguka nayo. Mnajua wenyewe. Mchungaji anafika pointi ya tatu, feni zinasimama.

Kuna jambo la kuchekesha kuhusu ule mvumo. Stima ya Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo uko karibu sana na noti ya G ya chini kabisa. Kwa hiyo wimbo ukiwa doh ni G, mvumo unajificha ndani ya besi na hakuna anayeujua. Wimbo ukipandishwa nusu hatua kwenda A-flat, mvumo unauma masikio kama nzi ndani ya neti. Mwalimu wa kwaya alipokuwa akituuliza kwa nini tunampendekezea G kila mara, hiyo ndiyo ilikuwa siri yetu. Dawa yake ya kweli ni waya wa ardhini uliofungwa vizuri kwenye soketi, na soketi ya ukuta wa kushoto ilitengenezwa tu pale fundi wa umeme, mmoja wa waumini, alipojitolea Jumamosi nzima.

Tuje kwa majirani.

Kanisa letu liko katika mji ambao wengi wa watu wake ni Waislamu. Mazoezi yetu tumeyaweka kati ya alasiri na magharibi, na adhana inapolia tunanyamaza hata kama wimbo uko katikati. Hakuna aliyetuamuru. Tulianza tu, na mama anayeuza maziwa ya ngamia nje ya ukuta aliligundua kabla ya kamati yetu, akawaambia wenzake. Sheria nayo ipo: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazihusu nyumba za ibada kama zinavyozihusu baa. Lakini mbele ya sheria kuna ujirani. Wati 10 ndani ya ukumbi wa mawe zinatosha watu 40 wanaoimba, na mtu aliyeketi mkekani upande wa pili wa ukuta anaweza kuzungumza na mgeni wake bila kupaza sauti.

Halafu kuna tarehe 1 Julai 2012. Hatutaki kuirudia siku ile kwa urefu, maana wako humu waliopoteza watu wao. Ilikuwa Jumapili asubuhi, makanisa mawili ya mji huu yakashambuliwa katikati ya ibada, na watu zaidi ya 15 wakafa. Siku zilizofuata viongozi wa Waislamu walitangaza kwamba vijana wao wangejitolea kulinda makanisa, na hilo nalo tunalikumbuka. Tangu hapo kuna askari langoni kila tunapokutana.

Jumamosi moja baadaye, afisa aliyekuwa zamu alisubiri tumalize wimbo, akaingia, akavua kofia, akatuambia kwa upole kwamba akiwa langoni hasikii pikipiki inayokuja. Akaomba tupunguze. Tukajaribu: mmoja wetu akasimama naye langoni, mwingine akazungusha kifundo polepole, mpaka afisa akainua mkono. Mama mmoja wa alto akatoa rangi ya kucha kwenye mkoba, akatia alama nyekundu pale kifundo kilipofika. Ni kidogo juu ya 3. Alama hiyo ipo mpaka leo. Mnaweza kwenda kuiona. Kila mpiga gitaa anayekuja, hata awe fundi namna gani, anaonyeshwa ile rangi kabla ya kuonyeshwa kitabu cha nyimbo. Wageni hudhani ni alama ya fundi wa dukani.

Na kitu kikatokea ndani ya kwaya ambacho hatukukitarajia. Gitaa lilipokaa pale, kila mtu alianza kusikia sauti yake. Alto walikuwa wamezoea kujificha nyuma ya kelele. Wakakosa pa kujificha. Mwalimu wa kwaya atakubaliana nasi kwamba mwaka ule ndio tuliojifunza kuimba sauti nne kweli kweli. Kwaya nyingi zimeua sauti zao kwa vyombo. Tumezisikia kwenye mashindano: midomo inafunguka, na kinachosikika ni dramu na gitaa. Wako wanaotuambia Zaburi ya 150 inataja matoazi na baragumu, kwa hiyo tuongeze. Ni kweli inayataja. Lakini yaliyotajwa pale hayakuwa na stima.

Mwaka 2015 tulikuwa na wapiga vyombo wengi kuliko wakati wowote. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuja Jumamosi, wengine wakijua gitaa tayari, wengine wakitaka kujifunza, na boksi hili halikupoa. Tulikuwa tumetayarisha nyimbo za Pasaka. Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili, kabla ya jua kuchomoza, chuo kilishambuliwa. Watu 148 waliuawa, karibu wote wanafunzi. Baadhi yao walikuwa kwenye maombi ya alfajiri.

Jumapili ya Pasaka tuliimba bila chombo chochote. Hakuna aliyetangaza tufanye hivyo. Boksi lilikuwa chini ya benchi limefunikwa leso, na leso ile haikuondolewa kwa miezi mingi. Kamba ya gitaa iliyokuwa begani mwa kijana mmoja Jumamosi ya mwisho ilibaki na urefu wake yeye. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Haikuwa mara moja, lakini mwaka huo leso ikaondolewa, na kamba ile ikafupishwa kwa ajili ya msichana wa shule ya msingi ambaye mabega yake yalikuwa madogo.

Hapa ndipo tunapotaka wanakamati watusikilize sana.

Kwaya yetu ni kwaya ya uhamisho. Angalieni picha za kurasa za katikati za kijitabu hiki, hesabuni waliobaki. Sisi ni walimu, wauguzi, askari polisi, watu wa ofisi za kaunti, wafanyabiashara wadogo, wafanyakazi wa mashirika ya Dadaab. Barua ikija Ijumaa, Jumapili kuna pengo kwenye tenor. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, walimu wengi wasio wenyeji wa kaunti hii waliondolewa. Mpiga gitaa wetu alikuwa mmoja wao. Alikuja usiku na boksi na gitaa, akaviacha kwa mama mweka hazina, akapanda basi. Tukawa na chombo bila mpigaji. Miezi miwili baadaye, Machi, makanisa yote yakafungwa kwa sababu ya korona.

Kama tungekuwa na amplifaya kubwa ya wati 100, ingebaki imefungiwa kanisani na kufuli, ikila vumbi. Boksi dogo lilikwenda nyumbani. Mama mweka hazina alinunua daftari la kurasa 96, akachora mistari: jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, hali ya waya. Wiki mbili kwa kila nyumba. Likaenda kwenye nyumba za wauguzi, likaenda laini ya polisi, likaenda Bulla Iftin, likavuka daraja kwenda Madogo likiwa limefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira. Tundu la hedifoni ndilo lililotuokoa. Ukichomeka hedifoni spika inazima, na mtoto aliyelala chumba hicho hicho haamki. Ukichomeka simu kwenye tundu la pili unasikia somo na gitaa lako pamoja. Muuguzi mmoja alikuwa akijifunza saa tisa za usiku akitoka zamu, ndani ya nyumba ya vyumba viwili yenye watu sita, na hakuna aliyejua mpaka aliposimama mbele yetu akapiga.

Makanisa yalipofunguliwa tulikuwa na watu wanne wanaoweza kuongoza wimbo kwa gitaa. Kabla ya hapo, katika miaka yote ile, hatujawahi kuwa na zaidi ya wawili kwa wakati mmoja. Leo ni saba, na watatu kati yao wamezaliwa hapa na hawana barua ya kuhamishwa popote. Daftari lile limejaa, tuko kwenye la pili. Ukurasa wake mmoja tumeupiga picha na kuuweka nyuma ya kijitabu. Majina tumeyafunika kwa heshima.

Novemba 2023 mafuriko ya Tana yalipofunika barabara kati ya Madogo na mji, na tena Aprili na Mei 2024, wanakwaya wa ng'ambo ile hawakuweza kufika. Mara ya pili zamu ya boksi ilikuwa kwao. Wakafanya mazoezi yao kule, sisi yetu huku bila gitaa, na maji yalipopungua wao walikuwa wanaujua wimbo vizuri kuliko sisi. Hilo tumelisikia mara nyingi mno kutoka kwao.

Sasa hesabu ya wati, kwa kuwa ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka chombo kikubwa. Inaonekana kama wati 100 ni sauti mara 10 ya wati 10. Sikio halihesabu hivyo. Ili sikio la kawaida liseme sauti imekuwa maradufu, nguvu lazima iongezwe karibu mara 10. Kwa hiyo chombo cha wati 100, kama spika zake ni za aina moja na zetu, kitakuwa na sauti kama mara mbili tu ya hiki. Ukitoka wati 10 kwenda 20, desibeli 3, wengi wenu mtasema hakuna kilichobadilika. Mtalipa mara nyingi zaidi, mtahitaji watu wawili wa kubeba, na rangi ya kucha itabidi iwekwe kwenye 1, mahali ambapo amplifaya nyingi kubwa husikika dhaifu na zisizo na utamu.

Tena malalamiko mengi kwamba gitaa halisikiki yana dawa isiyogharimu shilingi. Spika ndogo hurusha sauti yake kali mbele moja kwa moja, kama tochi. Boksi likiwa sakafuni linapigia miguu ya mpigaji. Yeye hasikii, anaongeza. Aliyeketi safu ya pili anaumia. Siku hizi tunaliweka juu ya kiti, au tunaliinamisha kwa kuweka kitabu cha nyimbo kuukuu chini ya ukingo wa mbele, sauti imfikie masikioni. Mpigaji anapunguza mwenyewe bila kuombwa. Na siku kama ya leo, watu wamejaa mpaka kwenye hema, tunaweka maiki moja ya kawaida mbele ya kitambaa cha spika, karibu kabisa, kisha mikseri inafanya kazi yake. Mliosikia gitaa huko nje asubuhi hii, lilikuwa boksi hili hili, na kifundo kilikuwa kwenye alama nyekundu.

Kwa hiyo ombi letu kwa kanisa ni hili. Hii ndogo isiuzwe. Badala ya kubwa, zinunuliwe ndogo nyingine mbili. Moja iwe ya kuchomeka ukutani kama hii, ikae kwenye mzunguko wa nyumbani, ili hii ya kwanza ipumzike hapa. Nyingine iwe ya kutumia betri. Zipo aina hizo; ile Micro Cube ya Roland, kwa mfano, huendeshwa kwa betri 6 ndogo za AA ambazo kila duka hapa linauza, na stima ikipotea katikati ya ibada gitaa halinyamazi. Hiyo ndiyo tutakayopanda nayo gari tukienda kuwatembelea nyinyi wa Masalani na Dadaab, na kwenye mazishi, ambako mara nyingi hakuna soketi na hakuna anayetaka kelele ya jenereta. Kitakachobaki kinunue maiki moja nzuri na nyuzi za akiba. Kwa hesabu yetu bado tutakuwa chini ya bei ya ile kubwa, na karatasi ya bei tumeibandika kwenye ubao wa matangazo tangu Jumatano.

Wanaopinga wana hoja moja nzuri, na haifai tuifiche: kitu kinachozunguka nyumba kwa nyumba huharibika. Ni kweli. Waya mbili zimekufa, jeki imelegea, na kifundo cha besi kinakwaruza kwa sababu ya vumbi letu. Lakini vumbi linaingia hata kwenye kitu kilichofungiwa. Tunachoomba kwa watakaoazima ni kidogo. Zima kabla ya kuchomoa waya. Usiliache ndani ya gari mchana. Joto la Garissa mnalijua, gundi ya spika nayo inalijua. Usimwagie maji eti unasafisha, na usiweke kikombe cha chai juu yake, hata kama ni meza nzuri ya ukubwa unaofaa. Likinguruma, jaribu soketi nyingine kabla ya kumlaumu aliyekutangulia kwenye daftari. Na mbuzi. Mbuzi hula kamba ya gitaa. Tumeona.

Tunawashukuru akina mama wa chapati, ambao wengi wao hawako nasi tena hapa mjini, na wawili wamelala. Tunamshukuru fundi wetu wa Soko Mugdi, ambaye tumemtumia sinia lake la pilau kwa kuwa duka halina mwingine wa kulishika. Tunawashukuru maafisa wa langoni, wa zamani na wa sasa. Mwalimu wetu aliyeondoka usiku ule wa Januari yuko humu leo, safu ya nne, upande wa dirisha, na amekuja na nyuzi mpya mfukoni. Mwalimu, karibu, kamba ya gitaa utaipata fupi.

Baada ya chakula boksi litakuwa kwenye kona ya kushoto, juu ya kiti. Anayetaka kujaribu aje. Watoto waanze, wazee wafuate. Daftari liko na mama mweka hazina, na zamu ya kuanzia kesho bado haijaandikwa jina.